Daftari la Ndoo

Namba hizi si zangu. Ni za Kibwana Singano,
baba, karani wa maji, gati la Tanga,
ambaye tangu mwaka sitini na nane
kila saa moja ya asubuhi alitosa ndoo,
akazamisha kipimajoto, akahesabu dakika tatu,
mgongo kaupa jua ili ndoo ipate kivuli,
kisha akaandika kwa penseli,
maana wino, alisema, hauna msimamo mbele ya chumvi.

Agosti: ishirini na tano na nusu.
Machi: ishirini na tisa kasoro.
Pembeni: "Meli ya mkonge imechelewa."
Pembeni: "Mwanjaa ameota jino."
Mwanjaa ndiye mimi. Jino lilishang'oka.

Nilipoanza kuzipanga, mwaka jana, mezani Chumbageni,
nikaona ngazi: Juni ya themanini na tatu
bahari imeruka nusu nyuzi kwa usiku mmoja.
Nikapiga ukelele. Jirani akaja kuuliza nani kafa.
Wiki nzima nikatembea na siku ile
kama mtu mwenye barua kifuani.
Halafu chini ya ukurasa, mwandiko mdogo,
kama wa anayeomba radhi:
"Turubai imetoboka. Leo ndoo ya plastiki."

Turubai hutoa jasho, na anayetoa jasho hupoa.
Miaka kumi na mitano baba aliipima bahari
pamoja na jasho la ndoo.
Nikachukua rula, nikamsahihisha marehemu
mstari kwa mstari, mkono ukisita
kana kwamba namweka sawa kofia mbele za watu.

Ngazi ikatoweka.
Kilima kikabaki.

Elnino ya tisini na nane ilikaa juu yake
kama mgeni mwenye kelele: matumbawe ya Mwambani
yakawa meupe kama meno ya kifo.
Mgeni akaondoka, kama wageni waondokavyo,
ila sakafu haikurudi pale pale.
Mwaka huo baba, asiyejiita malenga hata siku moja,
aliandika ubavuni mwa namba:

*Maji ninayauliza, hili joto, jiko gani?*
*Jua likajieleza, likasema, simo ndani.*
*Upepo ukanijuza, napita, sikai pwani.*
*Kalamu yangu yawaza: nani mwenye kuni, nani?*

Jua lilisema kweli, baba. Nimeliuliza tena;
daftari lake limenyooka.
Upepo nao ni mwiko tu: hukoroga,
hupandisha baridi ya chini, hushusha joto la juu,
hauongezi hata kijinga kimoja.
Ni moshi. Ule unaobaki
baada ya moshi unaoonekana kwisha:
makaa ya nchi nisizozijua,
tanuri la saruji hapo Pongwe lililotupa kuta,
petroli ya pikipiki ninayopanda kuja kupima.
Umetanda juu. Joto likitaka kutoka usiku
linakuta mlango umerudishiwa,
na sehemu kubwa, tisa katika kumi,
inazama humu, mbele yangu, bila hata povu.

Na bahari si sufuria. Ni chungu.
Toa kuni zote leo, mwagia mafiga maji,
uji utatokota bado
mpaka wajukuu waje na bakuli.

"Nani mwenye kuni?"
Nimeandika jibu, nikafuta, nikaandika tena
mpaka karatasi ikaota manyoya:
sote, ila matita hayakulingana.

Leo saa moja na dakika tatu.
Mgongo nimeupa jua. Zebaki imetulia.
Agosti: ishirini na sita na nukta tisa.
Pembeni:
"Ndoo ni ile ile."